Tulipoitoa Thamostati

Ukitoka Dar na mzigo ukafika Ruaha Mbuyuni saa nane mchana, joto la bonde lile linakutangazia mlima wa Kitonga kabla hujauona. Vitunguu vimening'inizwa kwenye nyavu nyekundu kando ya lami, mibuyu haina jani, na pembeni kuna malori mawili matatu yameinua kabini, utingo ameshika dumu la maji. Madereva wa siku nyingi husimama hapo. Wanapoza gari, wanaangalia maji na matairi, ndipo wanapanda.

Siku hiyo na mimi nilisimama. Maji yalikuwepo. Gari lilikuwa Fuso Fighter, injini ya 6D16, silinda 6, lita 7.5, haina tabo. Lilikuwa gari langu la kwanza, baada ya miaka mingi ya utingo na mingine ya kuendesha magari ya matajiri. Nilikuwa nikishusha viazi kutoka Njombe na kupandisha chochote kinachopatikana, zaidi ya kilomita 700 kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Safari hiyo nilikuwa na saruji.

Katikati ya mlima mshale wa temperecha ukaanza kutembea. Mwanzoni unajiambia ni mlima tu. Unashuka gia, unapunguza mguu, unazima redio ili uisikilize injini. Mshale unaendelea. Kitonga hakuna mahali pa kusimama kwa raha: upande huu mwamba, upande ule korongo, na nyuma yako basi linapiga honi. Ulipogusa nyekundu nikasimama. Utingo wangu aliruka na kigingi kabla gari halijatulia, akakitia chini ya tairi la nyuma. Tukakaa hapo karibu saa nzima tukisikiliza maji yakigugumia ndani ya rejeta, kile kipoza maji cha mbele ya injini, mfuniko hatuugusi. Nimemwona mtu aliyeufungua ungali wa moto. Uso wake haukurudi ulivyokuwa.

Tulifika Ilula jioni. Fundi tuliyempata alikuwa kijana mwepesi wa mikono, hakuuliza maswali mengi. Alifungua bolti za nyumba ya thamostati, kile kidude kinachoyafungulia maji njia ya kwenda kwenye rejeta, akaichomoa, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa simu, kisha akanikabidhi.

"Hii ni ya nchi za baridi, kaka. Kule Japani theluji inaanguka, inabidi injini ipashwe. Huku joto tunalo. Tukiitoa hii, maji yanatembea muda wote, hutachemsha tena."

Maneno yale yaliniingia akilini. Nilikuwa nimeyasikia tangu nikiwa utingo, kwa madereva niliowaheshimu, na hata sasa nayasikia karibu kila gereji kati ya Chalinze na Tunduma. Akafunga nyumba ikiwa tupu, akapaka siliko ya kuzibia, nikamlipa hela ya kawaida tu. Thamostati niliifunga kwenye kitambaa, nikaitupa kwenye boksi la spana.

Mwezi wa kwanza nilimwona yule kijana kama mkombozi. Mshale ulikuwa unalala chini kabisa. Mafinga, Makambako, Njombe, popote penye ubaridi, ulikuwa haufiki hata robo. Nikawa nawaambia wenzangu: toeni hicho kidude. Wawili walinisikiliza. Ndiyo sababu kubwa inayonifanya niandike haya leo, maana wale wawili ni watu ninaowajua, wana watoto wa kulea, na niliwaambia kitu nisichokijua.

Niieleze basi, maana wengi wetu tumeitoa bila kuiangalia. Thamostati inaenea kwenye kiganja. Ina sahani ya duara iliyobanwa na springi, na katikati yake kichupa cha shaba kilichozibwa pande zote. Ndani ya kichupa kuna nta. Ikipata joto inayeyuka na kutanuka, ikitanuka inasukuma pini, na pini inaifungua sahani. Ikipoa, springi inairudisha. Haina waya wala umeme. Ukingoni pamepigwa namba. Yangu ilikuwa 76.5: inaanza kufunguka maji yakifika nyuzi 76.5, na inamaliza kufunguka karibu na 90. Nyingine utakuta 82 au 88. Kwenye sahani kuna kitundu chenye kijipini kinachochezacheza, cha kutolea hewa unapojaza maji. Unapoifunga, kijipini hicho kinatakiwa kikae juu.

Sasa igeuze. Chini ya kichupa kuna sahani ya pili, ndogo. Si kila thamostati inayo, lakini kwenye injini nyingi za dizeli za malori ipo, na pale Ilula hakuna aliyeiangalia, mimi wala fundi.

Maji yakitoka kwenye injini yana njia mbili. Njia kubwa inakwenda kwenye rejeta. Njia ndogo inarudi moja kwa moja kwenye pampu, rejeta haiioni. Injini ikiwa ya baridi, sahani kubwa imefunga njia ya rejeta, maji yanazunguka kwenye njia ndogo na injini inapata joto upesi, tena kwa usawa. Joto likifika, sahani kubwa inafunguka, na kwa mwendo huohuo ile ndogo inashuka na kuiziba njia ndogo, ili maji yote yaende yakapozwe. Ukiitoa thamostati, njia zote mbili zinabaki wazi daima. Sehemu ya maji inakwenda kwenye rejeta, na sehemu nyingine inakata kona na kurudi kwenye injini na moto wake uleule. Kwenye tambarare huoni kitu, injini haina kazi kubwa. Ila kwenye Kitonga, gia ya pili, saruji mgongoni, jua la saa tisa, ndipo unapotaka kila tone lipite kwenye rejeta, na halipiti.

Kwa hiyo miezi michache baadaye nilichemsha tena, karibu mahali palepale. Sikuelewa kabisa. Gari ambalo Njombe lilikuwa baridi kama mtungi, Kitonga lilikuwa linatokota. Dereva mwenzangu alinieleza kwamba maji yakipita kwa kasi mno hayapati muda wa kupoa. Hilo nalo utalisikia sana, na si kweli. Maji yakipita kwa kasi yanabeba joto jingi zaidi. Kasoro ni hiyo njia ndogo iliyoachwa wazi. Lakini siku hiyo sikuwa na wa kunieleza, nikakubali, nikaanza kupanda Kitonga usiku tu.

Kuchemsha, hata hivyo, unakuona. Mshale unapanda, mvuke unatoka, unasimama. Kilichoniua ni kile nisichokiona.

Injini ya dizeli haina plagi ya kuwasha moto. Ndivyo ilivyo tangu Rudolf Diesel alipofanikiwa kuiendesha ya kwake kule Augsburg mwaka 1897: hewa inabanwa ndani ya silinda mpaka inapata moto wa nyuzi 500 na zaidi, ndipo nozeli inapopuliza mafuta, na mafuta yanawaka yenyewe. Joto ndiyo plagi yake. Kuta za silinda zikiwa baridi zinaunyonya moto ule, na mafuta yaliyo karibu nazo hayawaki yote. Yanabaki maji maji ukutani, yanaosha ile oili nyembamba inayoikinga silinda na ringi za pistoni, kisha yanateremka taratibu mpaka kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini.

Dalili nilikuwa nazo zote. Asubuhi moshi mweupe, unaochoma macho, hauishi hata baada ya dakika 20. Kwenye maungio ya ekzosi kulikuwa na majimaji meusi yanayochuruzika, nikadhani gasketi imekata, nikanunua gasketi. Dizeli ilikuwa inaongezeka kidogo kidogo, lita 12 hadi 15 zaidi kwa safari, nikamshuku utingo wangu kwamba anachepusha. Nilimhoji mbele ya watu, kijana wa watu. Hakuwa amechukua hata kikombe. Nimeshamwomba radhi, lakini naona vema niliandike.

Na kule kushuka Kitonga na viazi! Unashuka kwa gia, umeshika breki ya ekzosi, mguu haugusi mafuta. Injini inazungushwa na mlima, haichomi kitu, haizalishi joto, na rejeta inaendelea kupoza maji kana kwamba mnapanda. Thamostati ikiwepo ingeifunga rejeta na kulitunza joto lililopo. Yangu ilikuwa kwenye boksi la spana. Nikifika chini Ruaha Mbuyuni mshale uko sifuri, nakanyaga mafuta, na nyuma yangu linatoka wingu jeupe linalofunika gari linalofuata.

Halafu ikaja asubuhi moja ya mwezi wa 6. Wanaoijua Njombe wanaujua mwezi huo: ukungu mpaka saa nne, watu wamejitanda mablanketi sokoni. Tulikuwa tunapakia. Utingo akavuta dipstiki, akaifuta, akaichomeka, akaivuta tena, akaja nayo mpaka kwenye mlango wangu.

"Bosi, umeongeza oili?"

Sikuwa nimeongeza. Alama ilikuwa imevuka ile ya juu kwa upana wa kidole. Kwa wiki mbili tatu nilikuwa naona injini hii haili oili, nikaifurahia. Nikaishika dipstiki, nikainusa. Dizeli. Nikadondosha tone kwenye kipande cha karatasi ya msalani: katikati likabaki doa jeusi, na pembeni likatanuka duara jepesi la rangi ya chai, likaendelea kutanuka mpaka likafika ukingoni mwa karatasi. Nilipofungua mfuniko wa kujazia oili, ndani yake kulikuwa na utando wa rangi ya maziwa, ule unaotokea mvuke wa maji usipopata joto la kutosha kuufukuza.

Hata hapo sikujua chanzo. Nilimwaga oili, nikaweka mpya, nikapakia viazi, nikaondoka. Injini ilianza kugonga kabla ya Mafinga.

Fundi aliyeifungua alikuwa mzee mmoja wa Makambako. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda cha tairi anakunywa uji. Nikamwamkia, akaitikia, akalala chini ya gari na koti lake. Silindahedi ilipotoka, akachungulia silinda ya kwanza, ya pili, ya tatu, hakusema neno. Ya nne akapitisha kidole ukutani, akakitazama.

"Thamostati uliitoa lini?"

Nyumba ya thamostati ilikuwa bado imefungwa, hakuwa ameigusa. Nikamwuliza amejuaje. Akaniita nichungulie. Kuta za silinda zilikuwa zimelainika na kung'aa kama kioo. Ile michirizi ya kukatana inayoshika oili ilikuwa imefutika. Pistoni zilipotoka, ringi zilikuwa zimegandishwa na masizi kwenye mifereji yake, nyingine hazichezi hata ukizisukuma kwa bisibisi. Beringi za kranki zilikuwa zimeliwa mpaka rangi ya shaba inaonekana, kwa sababu oili iliyochanganyika na dizeli ilikuwa nyepesi kama maji na haikuweza kubeba mzigo.

"Gari likiunguzwa na joto linapasuka siku moja, mwenyewe unaona," alisema. "La baridi linaliwa kidogo kidogo, mpaka ulilete kwangu."

Nikauliza habari ya salfa, maana niliwahi kusikia kwamba dizeli yetu ndiyo inayokula silinda. Akasema zamani ilikuwa hivyo hasa: salfa ikiungua na kukutana na unyevu kwenye ukuta wa baridi inakuwa asidi, inauguguna ukuta wenyewe. Nchi zetu za Afrika Mashariki zilikubaliana dizeli isizidi salfa ya 50 ppm (sehemu 50 kwa milioni) kuanzia 2015, kwa hiyo hilo limepungua sana. Lakini mafuta yasiyoungua na masizi hayaponi kwa kupunguza salfa. Hayo dawa yake ni joto.

Matengenezo yalimeza mauzo ya msimu mzima wa viazi. Sitaandika kiasi, aliyewahi kufungua injini ya silinda 6 anakijua, na asiyewahi namwombea asikijue.

Yule mzee alikataa kuifunga injini kabla sijampelekea rejeta kwa fundi wa rejeta. Nilimwambia rejeta ni nzima, haivuji. Akasema kutovuja na kupoza ni mambo mawili. Walipoufungua mfuniko wa juu, nilikaa chini. Vile vijibomba vilivyosimama, vilivyopangwa kama punje kwenye gunzi, karibu nusu yake vilikuwa vimezibwa na ukoko mweupe, ule unaouona kwenye birika la chai la sehemu zenye maji ya chumvi. Miaka yote tulikuwa tunajaza maji ya popote: bwawa, mfereji, kisima cha barabarani. Kwa nje, kati ya mapezi, kulikuwa na vumbi lililokamatana na mbegu za majani na wadudu waliokauka. Na mfuniko wa rejeta mpira wake ulikuwa umekatika. Mfuniko ule hauzuii maji kumwagika tu. Unashikilia presha, na kwa presha ya kawaida ya bar 0.9 maji yanavumilia mpaka karibu nyuzi 118 kabla ya kuchemka. Ukikatika mpira yanachemka kama ya kwenye sufuria, na ukiwa juu milimani yanachemka mapema zaidi.

Kwa hiyo siku ile ya kwanza Kitonga, rejeta yangu ilikuwa imeziba na mfuniko haushiki presha. Nilichokitoa kwenye injini hakikuhusika.

Je, hakuna wakati wa kuitoa? Upo. Imekufa ikiwa imefunga, uko Mikumi usiku, mzigo unaoza, spea haipo mpaka Morogoro. Hapo itoe, ufike. Lakini iangalie kwanza kama ina sahani ya chini. Kama inayo, iachie njia ndogo kizuizi cha muda, usiiache wazi kabisa, na upande kwa upole. Ukifika, nunua mpya siku hiyohiyo. Bei yake haifikii hata tairi bovu la mkononi. Na ununue yenye namba na umbo lilelile, maana nimeona watu wanaweka isiyo na sahani ya chini kwenye injini inayoidai, inabaki kufanya nusu ya kazi.

Nilinunua mpya Dar. Siku tuliyoifunga, mzee aliniambia nishike mpira wa juu wa rejeta wakati injini inazunguka. Ulikuwa wa baridi. Injini inaunguruma, mshale unapanda taratibu, mpira bado wa baridi. Dakika ya 10, ya 12, bado. Nikaanza kuogopa, nikamtazama, akanionyesha kwa kidole nisiuachie. Kisha ghafla, ndani ya sekunde chache, ukapata moto mpaka nikaondoa mkono. Mshale ukasimama chini kidogo ya katikati. Tangu siku hiyo unasimama hapo, Njombe asubuhi na Kitonga mchana, kupanda na kushuka.

Wale wenzangu wawili nimewatafuta. Mmoja amerudisha ya kwake. Mwingine alishaliuza gari.

Kuna jambo moja nililifanya mwenyewe, nyumbani. Nilichukua boksi la spana nikakifungua kile kitambaa. Thamostati ya zamani ilikuwa na kutu kidogo ukingoni. Nikatia maji kwenye sufuria, nikaitumbukiza kwa kuifunga uzi isiguse chini, nikaweka na kipimajoto nilichoazima, nikawasha jiko. (Ukifanyia huku juu, kumbuka maji ya Njombe yanachemka kwenye nyuzi 93 au 94, hayafiki 100, thamostati ya 88 haitafunguka yote hata ikiwa nzima, usije ukaitupa.) Nikasubiri. Nyuzi 60, kimya. Nyuzi 70, kimya. Kwenye 77 sahani ya juu ikaachia mstari mwembamba kama unywele, kisha ikazidi kufunguka, na kule chini ile sahani ndogo ikateremka nayo, polepole, kama ilivyokuwa ikifanya kila siku kabla hatujaitoa.